Mawe Yaliyofumba Macho

Dada yangu alizikwa bila mchungaji. Watu wa mtaani kwetu wanalijua hilo, na kila mmoja ana maelezo yake. Wapo wanaosema alikuwa mganga. Wapo wanaosema kichwa hakikuwa kimetulia kwa sababu hakupata mtoto. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, nimelala naye chumba kimoja tangu sijaota meno, na namshukuru Mungu kwa kila mwaka aliotupa pamoja. Nayaandika haya ili wanaomsema wamseme kwa wanachokijua.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mabango. Alifundishwa na mjomba wetu, aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Alichora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, meno kwa madaktari wa meno, misumari na makufuli kwa wauza vifaa vya ujenzi. Alikuwa na mkono uliotulia. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na wateja wakahama mmoja mmoja bila kuaga. Mjomba aliuza ngazi zake, akarudi kwao kulima. Dada alirudi nyumbani na burashi alizozifunga kwenye kitambaa na makopo ya rangi yaliyobaki nusu nusu. Hakuwa na mbele wala nyuma.

Tuliishi watatu, yaani mama, dada na mimi, katika vyumba viwili vya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa amekataza mifugo. Hakutaka paka, hakutaka njiwa, hata kifaranga hakumtaka. Binti mdogo wa jirani yetu alilia siku nzima kwa sababu paka wake alikuwa amechukuliwa kwenye gunia akaenda kutupwa sokoni. Dada akaliangalia jiwe la mviringo tulilokuwa tukizuilia mlango usijipigize kwa upepo. Alikuwa ameliokota mtoni miaka ya nyuma. Akaliosha, akalichora masikio, sharubu na macho makubwa ya kijani, akaliweka ndani ya boksi la viatu juu ya maranda aliyoyaomba kwa seremala.

"Huyu ndiye paka wako," akamwambia yule mtoto. "Hakojoi ovyo, haibi samaki, na mwenye nyumba hawezi kumfukuza."

Baada ya siku chache mwenye nyumba akaja na uso umekunjamana. Alikuwa ameambiwa kuna mnyama.

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema usione mnyama," dada akajibu. "Fungua mwenyewe boksi. Taratibu lakini, ana aibu na wageni."

Mzee alifungua, akalikodolea macho lile jiwe nalo likamkodolea, kisha akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi. Alirudi jioni ileile kuuliza kama angeweza kupata wake, wa kuweka mezani kwake, lakini awe mbwa.

Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda mtoni, chini ya daraja la reli, maji yanapopungua na mawe yanapobaki wazi. Dada hakuokota tu kama mtu anayeokota kuni. Aliligonga kila jiwe kwa jiwe jingine akasikiliza. Lenye ufa ndani hutoa sauti ya bati, naye alilirudisha majini. Nyumbani aliyasugua kwa burashi na sabuni ya unga, akayaanika juu ya kipande cha mabati mpaka yakauke kabisa, maana rangi ikipakwa juu ya jiwe lenye unyevu huvimba na kubanduka. Akapaka nyeupe kwanza, halafu mwili, halafu vanishi. Macho aliyaweka mwisho. Alisema jicho ni mara moja tu, ukilirudia linakuwa la muongo.

Alipata nafasi ya kuweka meza nje ya lango la hospitali, kando ya fundi viatu. Ndani ya kila boksi alitia kijikaratasi cha maelekezo: Mfugo huyu halali, hali, hatibiwi. Msalimie asubuhi. Asipojibu usikasirike, ndivyo alivyolelewa. Watu waliokuja kuwaona wagonjwa walisimama wakasoma wakacheka, na kwenye lango lile kicheko kilikuwa bidhaa adimu. Wengi walinunua kwa ajili ya watoto waliolazwa, kwa kuwa wodini nako wanyama hawaruhusiwi.

"Anakula nini huyu?" mama mmoja aliuliza.

"Hali kitu, shoga yangu. Ungepata mume wa hivi."

"Nikipata wa hivi nitajuaje kama amekufa?"

"Hapo sasa," akasema fundi viatu bila kuinua kichwa. "Mimi mke wangu huniuliza hilo hilo kila Jumapili."

Fundi viatu ndiye aliyempa dada jina la Mama Mawe. Kila asubuhi alimpokea kwa utani. "Mama Mawe, leo umetoka na familia nzima?" Naye dada hujibu, "Nzima, ila mkubwa nimemwacha nyumbani, ana mafua." Jina likashika. Waliolitumia kumsimanga, kwamba mwanamke wa umri ule hana mtoto ila mawe, aliwaitikia kwa sauti ileile aliyowaitikia wateja.

Mama alikuwa mtu wa kanisa tangu ujana wake. Ndiye aliyeviosha vikombe vya meza ya Bwana na kuvipanga kabatini, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Baba alipofariki, ni wale watu wa kanisa waliochimba kaburi, wakaimba, wakapika, wakakaa nasi mpaka machozi yalipopungua. Mama hakulisahau hilo. Aliamini, nami pia naamini, kwamba mtu anapaswa kutoka duniani kwa sala za ndugu zake katika imani. Kufa bila hizo kwake kulikuwa sawa na kupotelea porini.

Sasa nije kwenye lile lililotuletea maneno.

Miongoni mwa wateja wa dada alikuwapo dobi wa hospitali, mwanamke mnene wa mikono myekundu kwa sabuni, aliyefua mashuka ya wodi zote. Binti yake wa miaka saba aliugua figo, akalazwa humohumo alimofanyia kazi mama yake. Dobi alimnunulia jiwe lenye sura ya paka aliyejinyoosha, na mtoto akamwita Mvivu. Alilala naye mto mmoja. Mtoto yule hakupona.

Baada ya mazishi dobi alikuja mezani na lile boksi. Nilikuwapo siku hiyo, nilikuwa nimempelekea dada chai.

"Dada," akasema, "naomba unifumbie huyu macho."

"Rangi imebanduka?"

"Rangi nzima. Ila ananitazama. Mwenzake ameshalala, yeye bado ametoa macho. Nashindwa kukaa naye chumbani, na kumtupa siwezi."

Dada alilitoa jiwe kwenye boksi. Aliyechukia kulirudia jicho alichukua msasa, akayafuta yale macho polepole, akapaka rangi ya mwili, kisha akachora mistari miwili iliyopinda na kope ndogo. Dobi alilishika jiwe, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Ee. Sasa amelala," akarudi kufua.

Dobi ndiye aliyekuwa akikusanya mashuka ya wodi ya wazazi. Aliwajua wanawake wanaotoka mle mikono mitupu. Miezi miwili mitatu baadaye mmoja wao alikuja kwenye lango lile, msichana mwenye kilemba cha njano, mke wa dereva wa lori. Alizungumza akitazama chini.

"Wangu hakulia. Walimfunga kitambaa wakaondoka naye. Sikumbeba. Niliuliza hata uzito wake tu, wakaniambia." Akautaja ule uzito. "Dobi amesema wewe unajua mawe."

Dada akaelewa kabla mimi sijaelewa. Jumamosi ile mtoni hakutafuta sura, alitafuta uzito. Aliokota, akapakata, akarudisha, akaokota jingine. Tulipopata aliloliona sawa tulilipeleka kwa muuza viazi tukalipima kwenye mizani yake, na lilikuwa lilelile. Alilipaka rangi ya udongo mweusi uliolowa, akachora macho mawili yaliyofumbwa, basi. Kinywa hakuchora. Kijikaratasi cha utani hakutia.

Yule msichana alipopewa, alilipokea kwa kulitegemezea kiganja upande mmoja, kama mtu anavyoshika shingo ya mtoto mchanga. Hakuna aliyemwelekeza. Fundi viatu, ambaye kila jambo alikuwa na neno lake, aligeuka akaanza kugongelea soli aliyokwisha kuigongelea.

Walikuja wengine. Dada hakuyaweka mawe hayo mezani kamwe. Aliyaweka chini, ndani ya kitambaa, na hakuyapangia bei. Mwenye kutoa alitoa, asiyekuwa nacho alikwenda nalo. Nilimuuliza siku moja kama haogopi maneno ya watu.

"Maneno gani? Wanajua ni jiwe. Wanalijua kuliko mimi ninayelichora."

"Sasa wanalitakia nini?"

"Mikono yao ilijiandaa kubeba," akasema, akaendelea kusugua.

Maneno yalikuja kweli, na yalikuja na miguu yote. Ikasemwa kwamba Mama Mawe anatia roho za watoto kwenye mawe. Ikasemwa anazinunua wodini. Sisi tulikuwa tukiyacheka mpaka Jumapili moja ambapo mama mmoja wa ushirika wetu, mke wa fundi umeme, alikuja ibadani na lake. Alikaa benchi la katikati, amelivika shali la mtoto, analitikisa taratibu kwenye paja. Mwanamke aliyekaa kando yake akainama ili amwone mtoto mchanga, akafunua shali. Ukelele aliopiga ulisimamisha wimbo. Watu walikanyagana kuelekea mlangoni. Mke wa fundi umeme alibaki amekaa, amelifunika tena jiwe lake, akisema, "Samahani. Samahani jamani. Alikuwa hasumbui mtu."

Wiki hiyohiyo wazee wa kanisa walimwita dada kwenye chumba cha nyuma. Mama na mimi tuliruhusiwa kukaa. Mchungaji alikuwa kijana, hajatimiza mwaka pale, na aliyeongea zaidi ni katibu wa wazee, mwenye duka la saruji na nondo, mtu mwenye sauti ya kupima maneno.

"Binti, unawapa nini hawa wanawake?"

"Jiwe, mzee."

"Jiwe au mtoto?"

"Jiwe."

"Mbona wanalivika nguo? Mbona wanalibembeleza? Watu waliopita waliangamia kwa kuchonga vitu vya namna hii."

"Hakuna anayelisujudia, mzee wangu. Hakuna anayeliomba kitu. Wanalibeba kidogo, wanalia, wanaliweka."

"Kesho wataliomba."

Mchungaji akaingilia kwa upole. "Dada, hatukuiti mchawi. Lakini kundi limetikisika. Tunakuomba uache."

"Nimeacha," dada akasema papo hapo. "Kuanzia leo sichori jingine la kufumba macho."

Mama alishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Katibu akainua kidole.

"Na yaliyotoka yarudi. Uyakusanye mwenyewe, yaletwe hapa, yavunjwe mbele ya ushirika. Hapo tutajua umetubu."

Dada alikitazama kile kidole. Kisha akasema, "Kuacha nimeacha. Ila kwenda mlango kwa mlango kuwanyang'anya, hilo silifanyi. Walishanyang'anywa mara moja."

Walimpa muda akafikiri, akarudi na jibu lilelile. Jumapili iliyofuata akatangazwa kuwa ametengwa. Anayejua kanisa letu anajua maana yake. Hupokei mkate wala kikombe, huimbi na kwaya, hupewi neno la kusema, na ukifa kabla hujarudishwa, mchungaji haji kaburini kwako. Tangazo lilipokuwa likisomwa, mama alikuwa ameshika sinia la vikombe. Vililia vyote kwa pamoja, vikaendelea kulia mpaka mwanamke mwingine alipompokea.

Dada hakuliacha kanisa. Alikuja kila Jumapili akakaa nyuma karibu na mlango, na mkate ulipozunguka ulimruka. Nyumbani mama hakumgombeza hata mara moja, na nadhani ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alimpakulia chakula, akamuuliza biashara, akanyamaza. Mezani pake dada aliendelea kuuza paka na mbwa na vyura wenye macho yaliyotokeza, na fundi viatu aliendelea na utani wake, ingawa sasa alikuwa akiuchagua.

Ugonjwa ulianza kama kiungulia. Alikunywa dawa za dukani, akaendelea na kazi. Alipokwenda kupimwa, uvimbe wa tumboni ulikuwa umekwisha kusambaa, na daktari alituambia kwa maneno yasiyo na njia ya kutokea kwamba tumpeleke nyumbani tumtunze. Alilala kwenye kitanda cha chumba chetu. Nyama zilimwisha, macho yakawa makubwa. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye karakana ya kushona sare, natoka asubuhi narudi jioni, na mchana mama ndiye aliyebaki naye.

Sasa mama aliongea.

"Mwanangu, neno moja tu. Tuma watu wakayachukue. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha."

"Mama, niombe jingine."

"Sina jingine. Sitaki uzikwe kama mbwa."

"Mbwa wangu hawafi, mama," dada akasema akijaribu kucheka, na maumivu yakamkata katikati.

Mama alitoka akaenda kwa katibu wa wazee. Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa cha mama mwenyewe. Katibu alimwambia kwamba mgonjwa hawezi kutembea, hivyo mawe yakiletwa na mwingine kwa niaba yake, wazee wangelihesabu kuwa toba. Mama alipiga moyo konde. Siku zilizofuata, jirani alipokaa na mgonjwa, yeye alitoka na kikapu. Jioni nilimkuta amejifunga bega kwa kitambaa chenye maji moto, akaniambia wanasafisha kanisa, wanahamisha mabenchi.

Alikwenda kwa kila mwanamke. Angewaambia ukweli, kwamba ni yeye anayeomba, wangemfukuza. Aliwaambia, "Binti yangu anakufa. Amenituma kwenu. Anawaomba mumrudishie ili afe kwa amani."

Wakampa. Walimpa kwa sababu walimpenda dada. Mke wa dereva wa lori aliliosha lake kwanza, akalifunga kwenye kitambaa kisafi, akalipeleka mwenyewe hadi barabarani kwa kuwa mama alikuwa ameelemewa. Mke wa fundi umeme alikubali, lakini akataka kuwapo litakapovunjwa. Dobi peke yake alikataa.

"Mvivu si wa kwako wala wa binti yako. Ni wa mtoto wangu," alisema. "Na kama amekutuma kweli, naja kumuuliza mwenyewe."

"Usije," mama akamwambia. "Madaktari wamekataza wageni." Dobi akaheshimu, maana alikuwa mtu wa hospitali.

Jumapili ile nilibaki nyumbani na dada. Baada ya ibada mawe yalipangwa kwenye zege nyuma ya kanisa, katibu akavua koti akachukua nyundo kubwa ya dukani kwake. Walionisimulia wanasema ilichukua muda, kwa kuwa yalikuwa mawe mazima yasiyo na ufa, dada aliyachagua hivyo. Nyundo ilidunda. Baadhi ya watu waliondoka kabla ya mwisho. Mke wa fundi umeme hakulia. Lake lilipopasuka alitandika kanga chini, akapiga magoti, akaokota vipande, hata vile vidogo.

Alasiri mama aliingia na mchungaji. Mchungaji alikuwa na mkate na kikombe ndani ya kisanduku chake. Dada alipokiona kisanduku uso wake ulifunguka kama nilivyokuwa sijauona ukifunguka kwa muda mrefu. Lazima niliseme hili kwa sababu kuna wanaodai hakuitaka meza ya Bwana. Aliitaka. Aliniambia nimwinue mito, nimchane nywele, nimfunge kitambaa safi.

"Wamenisamehe?" akauliza.

"Umerudishwa kundini, dada," mchungaji akasema. "Kila kitu kimetimizwa."

"Kimetimizwaje?"

"Mama yako ameyaleta yote isipokuwa moja. Yamevunjwa leo."

Dada alimtazama mama. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango, mkono umeshika bega lile linalomuuma.

"Waliyatoaje?"

"Kwa hiari, mwanangu. Hakuna niliyemlazimisha."

"Uliwaambia nini?"

Nilisikia maji yakichemka kwenye jiko la jirani. "Niliwaambia umenituma," mama akasema.

Dada alilaza kichwa. Mchungaji alikuwa ameshatoa mkate, amesimama nao, hajui aupeleke wapi.

"Kwa hiyo wanajua ni mimi niliyewanyang'anya," dada akasema. Halafu, "Mchungaji, rudi nao kwanza. Siwezi kupokea. Nina watu wa kuwaomba radhi."

"Dada, hali yako hii, nikiondoka nao…"

"Najua."

"Chukua tu, mwanangu!" Mama alipiga magoti kando ya kitanda. "Chukua, utawaomba baadaye! Kidogo tu, hata chembe!" Alimshika kidevu kama mtu anayemlisha mtoto. Dada alifumba midomo, si kwa hasira, akautoa mkono wa mama akaushika. Mchungaji akafunga kisanduku chake. Alikuwa analia, na namwombea, kwa sababu alikuwa kijana na hakuna aliyemfundisha la kufanya hapo.

Nilitoka jioni hiyo, nikatoka na kesho yake, nikigonga milango. Nilisema, "Dada anawaita." Baadhi hawakufungua. Mmoja alisema kupitia dirishani, "Mwambie ameshachukua alichotaka." Aliyekuja ni mke wa dereva wa lori, na kilemba chake cha njano. Nilidhani dada atamweleza ukweli. Mama alikuwa ameketi pale kwenye kigoda, ameinama, nadhani naye alikuwa akisubiri kuelezwa. Dada alimtazama mama, kisha akamtazama mgeni.

"Nisamehe," akamwambia. "Niliogopa kufa."

Mgeni akampapasa mkono. "Umeogopa kama watu wote," akasema, lakini hakukaa.

Hilo la kuogopa kufa ndilo lililokuwa neno la mwisho la dada kwa mtu wa nje. Alfajiri ya Jumatano alikata roho, mimi nikiwa nimemshika, nikisali kwa maneno yaliyokuja.

Wazee walikutana. Katibu alisema aliyeukataa mkate amejitenga mwenyewe mara ya pili, na mchungaji akitaka kwenda kaburini aende kama mtu binafsi, bila joho wala neno. Mchungaji hakuja. Watu wa kanisa wachache walisimama mbali, ng'ambo ya uzio, ili wasihesabiwe. Kaburi lilichimbwa na fundi viatu na watoto wa mjomba. Fundi viatu alikuwa amevaa viatu vipya, nilimwona akijitahidi visichafuke na udongo, kisha akaacha kujitahidi.

Mimi ndiye niliyesali. Sijawahi kuwa msemaji. Nilimwambia Mungu kwamba huyu ni mtoto wako, unamjua, hakumwonea mtu, mpokee. Nikasema amina, na sauti chache zikaitikia.

Ndipo nilipoona wanawake. Walikuwa wamekuja kwa nyuma bila kuitwa, dobi mbele, mke wa dereva, mke wa fundi umeme na wengine ambao sikuwajua kwa sura. Walisimama pamoja. Walikuwa wamekuja kumzika mtu waliyeamini amewageuka, na bado wakaja.

Mama naye akawaona. Aliachia mkono wangu, akavuka ule udongo uliorundikwa, akasimama mbele yao na kanga yake imemteleza begani.

"Hakunituma," akasema. Alisema kwa sauti ambayo hata wale wa ng'ambo ya uzio walisikia. "Nilikuja kwenu kwa akili yangu. Yeye alikataa, tangu siku ya kwanza alikataa. Alipojua, akaukataa mkate wa Bwana kwa ajili yenu. Nilidanganya mimi."

Mke wa dereva wa lori aliweka kiganja mdomoni. Dobi alipiga hatua akamshika mama mkono, akabaki ameushika. Mke wa fundi umeme alimtazama mama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yake iliyojaa udongo.

"Sasa unatuambia ili iweje, mama?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mama aliipandisha kanga yake begani. Nyuma yetu fundi viatu alikuwa ameshashika koleo, akisubiri tumwambie aanze, na kwa kuwa hapakuwa na mchungaji wa kusema, nilimwambia mimi.

Namwomba Mungu ampumzishe dada yangu. Mama namwombea pia. Kuna siku maneno ya sala hiyo yanakuja, na kuna siku nakaa kitandani mpaka naitwa kazini, hayajaja.